Kwa Fundi wa Kuchomelea Anayeamini Nilimlisha Sumu

Mdogo wangu Murhula,

Barua hii sijaifunga. Ni karatasi zilizokunjwa tu, bila bahasha wala gundi, na Mama Furaha anayekuletea pamoja na mizigo yake ya vitenge nimemwomba aisome kwanza yeye mwenyewe, kisha amsomee yeyote hapo Kamituga atakayetaka kusikia. Nakujua. Bahasha iliyofungwa na mkono wangu ungeishika kwa ncha za vidole, ungeinusa, halafu ungeitupa motoni bila kuifungua. Sasa haina kitu ndani yake isipokuwa maneno, na maneno yenyewe yameshapita kwa watu wengine kabla yako. Kama yana sumu, Mama Furaha atakuwa wa kwanza kuanguka.

Simu yangu hupokei tangu uondoke. Nikikupigia kwa simu ya mtu mwingine unasema "Allô", ukishasikia ni mimi unakata. Halafu inanifikia sauti iliyorekodiwa, na si yako. Ni ya huyo tajiri unayemfanyia kazi, mwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu: "Murhula iko salama, anatumika muzuri, musikuwe na wasiwasi." Tangu lini mtu mzima aliye salama akasemewa na bosi wake? Ukiwa salama ungeniletea matusi kwa mdomo wako mwenyewe. Hapo ndipo nilipoanza kushuku.

Na usiseme kwamba yaya, dada yako mkubwa, amezidi. Sisi wawili tumetoka nyumba moja, nyumba ya watu wa kushuku. Unakumbuka mama akirudi sokoni? Kabla hajavua hata kitambaa cha kichwa alikuwa anafunua sufuria na kunusa. Mgeni akija, chupa inafunguliwa mbele ya macho yake, na anayemimina anaonja wa kwanza. Sikuona ajabu kwa hilo, kwani mji mzima unaishi hivyo. Hapa Bukavu mtu akikonda haulizwi anaumwa nini, anaulizwa alikula kwa nani. Karuho, hiyo sumu ya polepole, inatajwa katika kila msiba, hata marehemu akiwa amegongwa na gari.

Nakukumbuka ukiwa mdogo, na funza kwenye kidole cha mguu. Ilikuwa kazi yangu kuwatoa. Nilikuwa nakukalisha kwenye kizingiti, nakubana mguu kwa magoti yangu, nashika pini niliyoipitisha kwenye moto, na kabla pini haijagusa ngozi ulikuwa umeshalia. Ulilia mpaka jirani yetu wa nyuma akaja mbio na mwiko mkononi, akidhani kuna mtu anachinjwa. Alikuta ni mimi, wewe, na funza mmoja. Alicheka hadi akakaa chini, na kwa muda mrefu akawa anakuita "Bwana Funza". Ulikuwa na mguu wenye kelele kuliko mtu yeyote wa mtaa wetu.

Kwa hiyo unaweza kuelewa nilivyoshtuka siku ile pale Nyawera, nilipokuja kwenye karakana yako na bawaba ya geti iliyovunjika. Ulikuwa umeinama, kinyago usoni, unachomelea dirisha la mtu. Niliona kwa macho yangu cheche kubwa ikiruka, ikaingia ndani ya kiatu chako kilichokuwa wazi pembeni. Nikangoja uruke. Hukuruka. Moshi mdogo ukatoka kwenye soksi, ikafuata harufu ya nywele zilizoungua, nawe unaendelea na mstari wako, polepole, mkono hautikisiki. Nilipiga kelele mimi. Ukainua kinyago, ukaangalia chini bila haraka, ukakung'uta kiatu.

"Yaya, moto njo inaniogopa sasa," ukasema, na wanafunzi wako wakacheka kwa heshima.

Walikuwa wanajivunia wewe. Walisema patron wao amekunywa dawa ya moto. Na unajua neno kama hilo halibaki karakana. Lilifika hadi kwaya, na mama mmoja wa sauti ya pili akaniuliza, akijifanya anatengeneza kitambaa chake, kama mdogo wangu bado anaomba kwa Mungu yule yule. Nilimjibu vibaya. Lakini na mimi nilirudi nyumbani nikishuku. Yule mtoto wa funza nilimfahamu mno. Mguu ule haukupata ujasiri, ulipata kitu kingine ambacho sikujua jina lake.

Halafu kulikuwa na sucré, soda hizo za chupa. Ndiyo desturi ya kazi yenu: mteja akileta geti lake anataka limalizwe leo, basi anamtuma mtu aje na sucré baridi kwa fundi, ili mkono upate nguvu. Ukikataa anadhani unamdharau. Nilikuwa nikipita pale nakuta chupa zimejipanga chini ya meza, na wewe bado una kiu. Nilikuuliza kiu gani hiyo isiyokwisha.

"Ni kiu ya moto, yaya. Weye unakalaka mu bureau, hauwezi kuijua."

Nami nikakubali, maana kweli nimekaa kwenye kiti cha sekretarieti ya chuo maisha yangu yote, nitajua nini habari za moto? Macho yalipoanza kukupa ukungu, ulisema ni mwanga wa kuchomelea, ukaweka vipande vya kiazi kibichi juu ya kope na kulala chali sebuleni kwangu kama mtu aliyekatazwa kutazama dunia. Ulipoanza kutoka nje usiku mara kwa mara kukojoa, ulisema ni hizo sucré. Kila kitu kilikuwa na jibu, na kila jibu lilitoka kazini kwako. Sasa ndiyo naona jinsi kazi yako ilivyokuwa inasema uongo kwa niaba ya ugonjwa.

Ni kukonda tu ndiko kulikokosa jibu. Moto haukondeshi fundi namna ile. Mkanda wako ulitobolewa tundu jipya, kisha jingine, na mashavu yakaingia ndani. Hapo watu walianza kukuuliza ulikula kwa nani. Na ulikuwa unakula kwangu, Murhula. Kila Jumapili baada ya misa ulipanda hadi Nyalukemba, kwenye nyumba aliyotuachia papa, marehemu baba yetu, nikakupikia bugali, samaki wadogo wa sambaza na mboga ya lengalenga, ukala mpaka ukafungua kifungo cha suruali. Nilifurahi kuona unakula sana. Nilishangaa tu unakula sana na unakonda, lakini mpishi hawezi kulalamika kwamba sahani imerudi safi.

Jumapili ile ya mwisho nimeikumbuka hadi imechakaa. Nilikuwekea sahani. Ukaitazama. Watoto wangu walikuwa wameshaanza kula. Ukaisukuma kidogo upande wangu, ukasema kwa sauti ndogo, ya adabu, kama mtu anayeomba chumvi:

"Yaya, onja kwanza."

Nilionja. Nilionja bugali, nikaonja sambaza, nikaonja mboga, nikanywa maji ya glasi yako. Ungenipiga kofi ningeumia kidogo kuliko vile. Na baada ya yote hayo hukula. Ulisema tumbo limejaa, ukachukua kofia yako. Mume wangu, shemeji yako ambaye hasemi kitu, alikufuata hadi getini, akarudi akaniambia, "Huyo mutu hatarudia hapa." Hakukosea. Wiki haikuisha ukawa umeuza kinyago chako cha zamani, umeacha karakana, umeshika njia ya Kamituga ambako mashine za kusaga mawe zinavunjika kila siku na soudeur mzuri, fundi wa kuchomelea, anatafutwa.

Neno lililofuata nililipata kwa binamu yetu. Kwamba umeonana na mganga mmoja huko, mtaalamu wa karuho, akakutapisha, akatazama alichokitazama, akasema: "Huyu alikulisha ni mwanamuke wa damu yako." Nikacheka, Murhula, cheko baya. Ni mwanaume gani wa Kivu hii ambaye hakulishwa na mwanamke wa damu yake? Angesema neno hilo kwa abiria wote wa gari moja na kila mmoja angeshuka akimchukia dada au mama. Kisha binamu akaniongezea kwamba sababu ilipatikana pia: nyumba ya papa. Eti ukifa inabaki yangu peke yangu. Kama ningetaka nyumba, ningekuita kila Jumapili uje uione na kuizoea?

Lakini neno lililoninyima usingizi si hilo. Ni lile la sindano. Mganga amekuambia mtu mwenye karuho akipigwa sindano anakufa papo hapo, kwa hiyo usikanyage hospitali yoyote, ukae naye, unywe dawa yake iliyochanganywa na asali, asubuhi na jioni. Namshuku mtu huyo. Namshuku sana. Mganga anayekwambia kwamba mlango wa mwenzake ni mauti, huyo analinda mlango wake. Na tajiri wako naye namshuku, maana akikuruhusu uende hospitali, nani atamchomelea mashine yake ikipasuka?

Sasa nikuambie kilichonipata mimi. Nilianza kuwa na kiu. Mimi, wa ofisini, nisiye na moto wowote. Nilikuwa naacha chupa ya maji mezani naikuta tupu, nikawashuku wenzangu kwamba wananinywea. Nikaenda kupimwa. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole ambayo kwanza sikuipenda, akanitoboa kidole, akaniambia nina ugonjwa wa sukari. Sikumwamini. Nilienda pengine, nikajifanya sijawahi kupimwa, wakanitoboa kidole kingine, wakasema neno lile lile. Nikarudi kwa yule wa kwanza na aibu kidogo. Akaniuliza:

"Maman, unafanyaka kazi gani?"

Nikajua anapima mfuko wangu. Nikamjibu kwa ukali, "Kazi yangu inaingia wapi mu damu yangu?"

"Mu damu hapana," akasema. "Inaingia mu miguu."

Akaniambia kwamba sukari ikikaa juu muda mrefu inaua mishipa ya kusikia maumivu, na inaanzia miguuni. Mtu hajui, kwa sababu kisichouma hakiiti. Kisha inabaki kutazama mtu huyo anafanya kazi gani. Anayekaa ofisini kama mimi ataumwa na kiatu kipya, apate lengelenge, labda ataliona akivua soksi. Lakini anayesimama kutwa, anayekanyaga mawe, anayefanya kazi karibu na moto, huyo anajeruhiwa kila siku na hapati habari. Kidonda kinaozea ndani ya buti wakati mwenyewe anapiga mluzi. Na macho pia, akasema, inayaharibu taratibu, na mafundi wanasingizia mwanga.

Nikamwuliza, "Na kama ni soudeur?"

Akaacha kuandika. "Soudeur iko nani kwako?"

"Ni mudogo wangu. Cheche iliingia mu kiatu yake, hakusikia."

"Iko wapi sasa?"

Nilisema uko safari. Nililia pale kwenye kiti chake, mimi ambaye kwenye mazishi ya papa nilikuwa nahesabiwa kuwa na moyo wa jiwe. Damu yetu ni moja, Murhula. Tumbo lililotuzaa ni moja, na sukari hii nadhani ni moja. Mimi ilinikuta nimekaa kwenye kiti chenye mto, na wewe ikakukuta na moto mkononi. Hiyo ndiyo tofauti yote kati ya mguu wangu na wako.

Kisha Mama Furaha akarudi kutoka kwenu safari iliyopita. Hakupita hata nyumbani kwake, alikuja moja kwa moja Nyalukemba na vumbi la barabara kichwani. Alikataa kukaa.

"Mama Nsimire, nimemuona," akasema. "Anavaa buti moja. Muguu ingine ameifunga na sachet ya plastiki, sababu ya matope. Inzi zinamufuata. Na anatembea nayo kama vile haimuumi. Njo kitu iliniogopesha, dada: haimuumi!"

Nilimwuliza kama ulimwambia neno. Alisema ulimsalimia vizuri, ukamwonyesha mashine uliyoifunga, ukamnunulia hata sucré. Ulipouliza habari za mji, uliuliza habari za karakana, za kwaya, za mvua. Nyumba yetu hukuiuliza. Akakuuliza kuhusu mguu ukasema ni kitu kidogo, chuma kilikugusa, na mganga amepaka majani.

Kwa hiyo sikiliza. Sitakuapia kwamba sikukulisha sumu. Nimeshajaribu kutafuta namna ya kuthibitisha kitu ambacho sikukifanya, na namna hiyo haipo. Nikiapa kwa Biblia utasema wachawi wote wanaapa. Nikilia utasema nimekamatwa na dhamiri. Basi nishuku, sikukatazi, ndivyo tulivyolelewa. Ila usinishuku peke yangu! Shuku na mganga anayekupa asali. Shuku na tajiri anayejibu simu zako. Shuku na sucré za wateja, na ile kiu uliyoipa jina la moto, na ukungu wa macho. Shuku mguu usiouma. Ungekuwa wa kwanza katika ukoo wetu kushuku nusu na kuacha nusu.

Na kama unaogopa sindano, ya kupima haiingizi kitu mwilini. Inatoa tone moja la damu kwenye ncha ya kidole, basi, wewe ambaye umechomwa na cheche maisha yako yote. Anayekupima asijue jina lako wala habari zangu. Nenda kwa mtu ambaye hajawahi kunisikia. Kisha nenda kwa mwingine, umdanganye kama nilivyodanganya mimi. Wote wakisema hakuna sukari, nitapiga magoti mbele yako na utafanya unalotaka. Lakini leo, kabla ya yote, kaa chini mahali penye mwanga, fungua hiyo sachet, na umwombe mtu mwenye macho mazima akutazamie unyayo. Usimwombe mganga. Mwombe hata Mama Furaha, anayekusomea maneno haya sasa hivi. Amekubali.

Nami nakuja. Nimeuliza habari za barabara na kila mtu ana jibu lake: mmoja anasema inapitika, mwingine anasema vizuizi ni vingi, wa tatu anataka nipande gari lake kwa hiyo simwamini. Nitakuja hata hivyo, na shemeji yako. Sitaleta chakula. Sitakugusa usipotaka. Nitasimama upande wa pili wa njia na kukungoja mpaka uingie garini turudi mjini, kwa sababu daktari amesema mguu kama huo haungoji watu wapatane.

Sipigi hesabu ya kupendwa, mdogo wangu. Nimeogopa kwa namna ambayo siwezi kuiandika vizuri. Nikifumba macho naona sachet. Ofisini wananiongelesha siwasikii.

Tukifika Bukavu na ukapona, ita kikao cha ukoo. Waite baba wadogo wote, shangazi, wajomba wa upande wa mama, na padri ukitaka. Nitakaa kwenye mkeka katikati kama mshtakiwa, na sitafungua mdomo mpaka umalize. Sema yote. Ninyooshee kidole, niite muuaji mbele ya wanangu, unichukie mpaka uzeeni. Nakuomba jambo moja tu: siku hiyo uje unichukie ukiwa umesimama kwa miguu yako miwili.

Ni mimi,
yaya wako, wa tumbo moja na wewe